Koplo Asiyeruhusiwa Kufa

Wakati mambo haya yalipotokea, jina la nchi lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ili lifanyiwe marekebisho, na kamati ilikuwa bado haijarejea. Kwa sababu hiyo msomaji atatuwia radhi tukiiita Jamhuri tu, kama walivyoiita wananchi wake, ambao kwa subira yao ya kawaida waliandika kwenye bahasha zao jina la kijiji, jina la wilaya, kisha wakaacha mstari mtupu.

Jamhuri ilikuwa na mambo mengi ya kujivunia, lakini fahari yake kuu ilikuwa jeshi. Majeshi ya nchi nyingine hushinda vita na kupoteza watu. Jeshi la Jamhuri lilikuwa limeshinda vita bila kupoteza mtu. Jambo hili halikuwa uvumi. Lilitamkwa na Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu mwenyewe, katika uwanja wa mpira, siku ya kuvipokea vikosi vilivyorudi kutoka Vita vya Ziwa. Ziwa lililopiganiwa lilikuwa mpakani. Lilikauka mwaka uliofuata, likahesabiwa miongoni mwa mateka.

Vikosi vilivyokwenda vilijaza treni hadi watu wakaning'inia milangoni. Vilivyorudi vilikaa kwa nafasi, na wengine walijinyoosha wakalala. Wananchi waliokuja na mashada ya maua walianza kuangaliana. Ndipo Mkuu wa Wakuu aliposhika kipaza sauti akasema:

"Hatukupoteza hata mmoja! Walio hapa wamerudi. Wasio hapa wako kazini."

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Kesho yake maneno hayo yalichapishwa katika Gazeti la Serikali, na kwa kuwa kila neno la Mkuu wa Wakuu lililochapishwa humo lilikuwa sheria, ikawa ni sheria kwamba hakuna askari aliyekufa. Wala serikali haikuwatupa wake wa wale waliokuwa kazini. Kila Sikukuu ya Ushindi waliwekwa mstari wa mbele, kila mwanamke na viti viwili: kimoja cha kukalia yeye, na kingine cha mumewe, endapo kazi ingemruhusu kufika.

*

Mwalimu Zefania Ntungwa alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea wakati baba yake, Koplo Natanieli Ntungwa, alipopanda treni ya Vita vya Ziwa. Dada yake, Perusi, alizaliwa treni ikiwa bado njiani. Walilelewa na mama yao, Bibi Yunisi, kwa jembe na kwa kufuma mikeka, mpaka Zefania alipochaguliwa kwenda shule ya bweni iliyokuwa juu ya kilima chenye baridi. Huko vijana waliamshwa kwa kengele, wakaoga maji ya kisima, wakafundishwa Kilatini na useremala, na wakafundishwa zaidi ya yote kwamba mtu muungwana hadanganyi, haombi upendeleo, na hapiti mlango wa nyuma. Wengi waliyasahau hayo walipopata kazi. Zefania hakuyasahau. Alifundisha Jiografia maisha yake yote, akastaafu akiwa na suruali iliyonyooka kwa pasi, tai ya shule, na dhamira ambayo haikuwahi kukunjwa.

Alipostaafu alianza kazi aliyoiona kuwa ndiyo wajibu wa msomi kwa watu wake: kuandika shajara ya ukoo wa Ntungwa. Aliiandika juu ya kitambaa cheupe cha marekani kilichofunika ukuta mzima wa sebule. Walio hai aliwaandika kwa wino wa kijani, na waliokufa kwa wino mweusi, na hakumwandika mtu kwa wino mweusi pasipo kuona cheti chake au kaburi lake. Alikuwa na babu aliyeliwa na mamba, shangazi aliyekufa akicheka harusini, na wajomba wa kila namna ya homa. Jina moja tu, katikati kabisa ya kitambaa, lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

"Mwanangu," Bibi Yunisi alimwambia kutoka kitandani, maana miguu ilikuwa imeshamkataa, "unaandika watu ambao makaburi yao yamelimwa viazi. Baba yako je?"

"Nasubiri cheti chake, mama."

"Cheti ni chako wewe. Mimi nataka mgomba wangu."

Hapa inafaa kueleza. Kwa watu wa milima ile, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa shina la mgomba kwa kimo chake, likavikwa shati lake, likafungwa sanda na kuzikwa kwa heshima zote. Ndipo mke hunyolewa nywele, akalia, akapewa uji na mawifi zake, akaitwa mjane. Kabla ya hapo hana ruhusa ya kulia, kwa sababu kumlilia mtu asiyezikwa ni kumwita, na asiyezikwa akiitwa huja. Bibi Yunisi alikuwa hajamlilia mumewe tangu ujana wake.

Kwamba mumewe alikuwa amekufa, nyumbani hapakuwa na ubishi. Mwenzake wa kikosini alimfukia kwa mikono yake kando ya ziwa, akamletea Bibi Yunisi saa ya mkononi na mkanda. Baadaye maafisa walizungumza na mtu huyo kwa upole kwa muda wa wiki nzima, naye akarudi kwa Bibi Yunisi kusahihisha kwamba ni kweli alimfukia, ila alimfukia akiwa kazini.

Mgomba nao ulikuwa na sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Askari Walio Kazini ilikataza kumzika askari "kwa mwili, kwa sanamu, au kwa mmea wa aina yoyote," isipokuwa kwa kuonyesha cheti cha kifo. Mtu mmoja wa wilaya ya jirani, aliyezika mgomba kwa ajili ya kaka yake, alishtakiwa kwa kumuua sajenti wa serikali. Mgomba ulifukuliwa ukaletwa mahakamani kuwa kielelezo, na kesi ilipochelewa ukaanza kuchipua. Hakimu aliona kwamba hilo lilithibitisha hoja ya serikali.

*

Ofisi ya Vizazi na Vifo ilikuwa na madirisha mengi. Dirisha la raia waliokufa lilikuwa na foleni iliyotoka nje na kulizunguka jengo. Dirisha la askari waliokufa halikuwa na mtu. Lilikuwa na pazia safi, ua la plastiki, na Bwana Gervasi Mpoma, Afisa Mkuu wa Vifo vya Wanajeshi, ambaye kila Sikukuu ya Wafanyakazi alitangazwa mfanyakazi bora kwa kuwa mezani pake hapakuwahi kulala kazi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Bwana Gervasi, aliyefurahi kuona binadamu.

"Marahaba. Nimekuja kuomba cheti cha kifo cha baba yangu, Koplo Natanieli Ntungwa."

Bwana Gervasi alisimama akavaa koti. Mambo mazito alipenda kuyasema akiwa na koti.

"Pole sana, mwalimu. Pole kwa msiba. Amefariki lini?"

"Katika Vita vya Ziwa."

"Ah!" Bwana Gervasi alivua koti akaketi. "Basi hongera. Huyo hajafa."

"Amekufa, bwana. Yuko aliyemfukia."

"Mwalimu, mimi sikatai kwamba askari anaweza kufa. Dirisha hili lipo, nami nipo. Lakini kuna utaratibu. Askari aliye kazini hawezi kufa mpaka apewe likizo ya kudumu. Fomu ya likizo ya kudumu hutiwa sahihi na yeye mwenyewe, hapa mbele yangu, akiwa na kitambulisho."

"Marehemu atie sahihi?"

"Akishatia ndipo atakuwa marehemu. Kwa sasa tumwite mwombaji."

Zefania alinyoosha tai yake. "Na mimi mwanawe siwezi kumwakilisha?"

"Kwa nini usiweze? Thibitisha tu kwamba u mwanawe. Kuna Idara ya Nasaba hapo mkabala. Wakuidhinishie shajara ya ukoo, uniletee."

Zefania alifurahi, kwa kuwa kitambaa alikuwa nacho begani, kimekunjwa kama mkeka. Katika Idara ya Nasaba makarani walikitandaza sakafuni, wakavua viatu, wakatembea juu yake kwa heshima kizazi baada ya kizazi, wakisifu mwandiko. Walipofika katikati walisimama.

"Mzee, huyu ameandikwa kwa penseli."

"Ndiyo. Nasubiri cheti chake cha kifo ili nimwandike kwa wino mweusi. Nanyi mkigonga mhuri ndipo nitakipata."

"Penseli haigongwi mhuri. Mwandike kwa kijani, tugonge sasa hivi."

"Nikimwandika kuwa hai, nitaombaje cheti cha kifo chake?"

Makarani walianza kuvaa viatu. "Hilo ni la dirishani, mzee. Sisi hapa ni rangi tu."

Alirudi dirishani. Bwana Gervasi alimsikiliza kwa huruma, akakiri kwamba utaratibu ulikuwa mkamilifu mno, kiasi kwamba hata yeye hajawahi kuona ulipo mlango wake.

"Niambie jambo moja tu," alisema Zefania akikunja kitambaa. "Mshahara wa baba yangu, miaka yote hii, unapokewa na nani?"

"Anapokea mwenyewe. Hajakosa hata mwezi. Mzee wako ni mtu wa kutegemewa sana."

*

"Kaka Zefa," alisema Perusi, ambaye alikuwa fundi cherehani na hakuwahi kusoma bweni, "nisikilize mimi. Kata mgomba, tuzike alfajiri. Wakituuliza, tuseme tunapanda."

"Mgomba uliofungwa sanda?"

"Tuseme tunaukinga na baridi."

"Sikuzaliwa kumzika baba yangu kama mwizi anayeficha kuku."

"Basi mpe kitu yule wa pazia."

"Nikinunua cheti nitakuwa nimenunua karatasi. Nataka watamke kwamba amekufa. Alikufa kwa ajili yao, angalau wakiri."

Perusi aliutupa uzi mezani. "Wewe na shule yako! Mama anakwisha pale kitandani, wewe unapiga tai pasi. Hao waliokufundisha ukweli, wamekufundisha na pa kuupeleka?"

Swali hilo lilimuuma Zefania kwa sababu alidhani ana jibu lake. Miongoni mwa vijana wa kilima kile alikuwapo mmoja aliyekuwa kiranja wa bwalo, ambaye alikuwa haruhusu mtu kuongezwa maharage nje ya zamu, hata awe ndugu yake. Kijana huyo sasa aliitwa Meja Jenerali Festo Kahindura, na alikuwa na chumba chenye zulia katika Makao Makuu ya Jeshi. Zefania hakwenda kuomba upendeleo, jambo ambalo asingelifanya. Alikwenda kuomba haki kwa mtu aliyeijua.

"Ntungwa!" Meja Jenerali aliinuka na nishani zake zote zikalia. "Bweni la Nyati!"

"Nyati!" alijibu Zefania, akahisi kwamba amefika.

Wakakumbushana kengele, maji ya kisima, na mwalimu wa Kilatini aliyelia siku ya mahafali. Kisha Zefania akaeleza shida yake, kwa ufupi na bila kulalamika, kama walivyofundishwa. Meja Jenerali alisikiliza amefumba macho.

"Ntungwa," alisema hatimaye, "hakuna mtu katika jengo hili anayekuelewa kama mimi. Unajua kwa nini sisi tulifundishwa kuujua ukweli? Ili tukikutana nao tuutambue, tuupigie saluti, na tuupishe upite. Baba yako ni shujaa. Je, shujaa hufa? Ukimwombea cheti unampa hadhi sawa na muuza mkaa. Lakini hutatoka hapa mikono mitupu, hapana! Nitaamuru faili la mzee lifunguliwe. Mtu wa Nyati hamwachi mtu wa Nyati."

Zefania alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba faili limefunguliwa. Bibi Yunisi alimwomba Perusi amchagulie mgomba, mrefu, usiopinda.

*

Faili lilifunguliwa kweli. Ndani yake ilionekana kwamba Koplo Natanieli alikuwa amesahauliwa katika upandishaji wa vyeo, na Meja Jenerali, aliyechukia dhuluma tangu enzi za maharage, aliirekebisha kasoro hiyo siku hiyohiyo. Redio ilitangaza baada ya taarifa ya habari kwamba koplo alikuwa amepandishwa kwa mkupuo mmoja kuwa Luteni Kanali, kwa utumishi wa muda mrefu pasipo malalamiko, ugonjwa, wala ombi la likizo.

Mkuu wa Wilaya alikuja nyumbani kwa akina Ntungwa na bendi ya tarumbeta, mbuzi wa serikali, na sare mpya iliyokunjwa juu ya trei. Bibi Yunisi alitolewa nje na kitanda chake akawekwa chini ya turubai. Mkuu wa Wilaya alihutubia kuhusu wajibu wa wake wa maafisa, akahutubia kuhusu bei ya pareto, kisha akamkabidhi ile sare.

Bibi Yunisi aliikunjua. Aliipima kwa mikono yake, mabega kwa mabega, akaona kwamba ingemtosha. Akaiweka kifuani. Ndipo kitu kilipopasuka ndani yake, na mwanamke yule akaanza kulia. Alilia kilio kinachoanzia tumboni, akamwita mumewe kwa jina la ujana ambalo watoto wake hawakuwahi kulisikia, akamwambia juu ya njaa ya mwaka fulani, juu ya ng'ombe aliyeuzwa, juu ya mtoto wa kike aliyezaliwa ana masikio yake. Wanawake wa mtaa walitupa khanga zao vichwani, wakamzunguka, wakaanza kumwitikia.

"Machozi ya furaha!" alisema Mkuu wa Wilaya akipiga makofi. "Piga picha, piga picha!"

Lakini afisa usalama wa wilaya, aliyekuwa amehudhuria misiba mingi kikazi, alimwinamia sikioni.

"Mheshimiwa, furaha hii ina mpangilio wa matanga."

Mkuu wa Wilaya alitazama, akaona ni kweli: wengine walikuwa wameanza kuketi chini. Akaiamuru bendi ipige kwa nguvu zote, kisha akamsogelea Bibi Yunisi, akamshika bega kwa upole wa kiutawala.

"Mama," alisema, "furaha imetosha."

Sare ikachukuliwa, kwa kuwa ilikuwa mali ya jeshi hadi mwenyewe atakapokuja kuitia sahihi. Bendi ilipoondoka, Bibi Yunisi alilala ametazama dari.

"Nilikuwa nimefika mbali, Zefania," alisema. "Wamenikata katikati."

Hakuishi sana baada ya hapo.

*

Cheti cha kifo cha Bibi Yunisi kilitoka kabla chai ya karani haijapoa. Jamhuri haikuwa na ubishi wowote kuhusu kifo cha mwanamke. Kwenye cheti waliandika kwamba ameacha mume, Luteni Kanali, na watoto wawili. Zefania akamzika mama yake nyuma ya nyumba, nywele zake zikiwa hazijanyolewa, mke wa mtu hata kaburini.

Mke wa afisa alipozikwa, familia ilitakiwa kupeleka taarifa ya mazishi jeshini, na ndani yake mlikuwa na swali lililohusu mume wa marehemu.

"Andika yuko kazini, tulale," alisema Perusi.

"Siandiki uongo juu ya kaburi la mama."

"Andika basi amekufa."

"Nilishaandika. Imerudishwa, wanasema nimechanganya mume na mke."

Zefania alikaa na kalamu yake asubuhi nzima. Mtu mwingine yeyote katika Jamhuri angeandika lolote akaenda zake shambani. Yeye alikuwa amelelewa kuamini kwamba daima lipo neno moja la kweli ambalo hakuna awezaye kulirudisha, na kwamba kazi ya msomi ni kulitafuta. Akalipata. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Hakuhudhuria.* Akalisoma mara nyingi. Hapakuwa na uongo ndani yake, wala hapakuwa na kosa la sheria. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa siku nyingi kujisikia fahari.

Kule jeshini neno hilo lilisomwa kwa mshtuko. Ilikuwapo kanuni kwamba afisa asiyehudhuria mazishi ya mke wake, pasipo taarifa wala udhuru, ameliaibisha jeshi. Hati ya kuitwa mahakamani ilibandikwa kwenye mlango wa akina Ntungwa. Luteni Kanali hakuitika, na kosa la aibu likawa kosa la utoro.

Mahakama ya jeshi ilikaa mjini. Kizimba kilikuwa kitupu, na askari wawili wenye bunduki walikilinda kisitoroke. Majaji walipoingia, karani alipaza sauti:

"Mshtakiwa asimame!"

Kimya.

"Mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka, "mahakama imejionea. Amekataa kusimama."

Wakili wa mshtakiwa, luteni mpole aliyepewa kesi asubuhi ileile, aliomba mahakama izingatie kwamba mteja wake ni mtu mtulivu, hajamkatiza shahidi hata mmoja. Zefania aliitwa, akasimama wima, tai imenyooka.

"Shahidi," aliuliza jaji mkuu, "ulimwona baba yako mazishini?"

"Sikumwona. Baba yangu amekufa, Mheshimiwa. Alikufa vitani akiitumikia nchi hii, na leo mnamwita mtoro mbele ya mwanawe!"

"Maneno hayo yafutwe. Jibu ulichoulizwa. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Asante. Shahidi muhimu sana."

Jaji mkuu alikigeukia kizimba, akauliza kama mshtakiwa ana lolote la kusema kabla ya hukumu. Akangoja. Ukimya ulipozidi, aliuandika kuwa ni kiburi. Kisha akavaa kofia, akasoma kwamba Luteni Kanali Natanieli Ntungwa, kwa utoro na kwa dharau, anyongwe hadi afe.

*

Hadi afe! Zefania alitoka mahakamani akitembea kama kijana. Hakuna mtu mwenye mamlaka aliyewahi kuyaweka maneno hayo karibu na jina la baba yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha lenye pazia.

"Akinyongwa, cheti kinatoka?"

"Hilo halina mjadala!" Bwana Gervasi alikuwa na machozi machoni. "Aliyenyongwa na serikali amekufa kiserikali. Mwalimu, nitaandika cheti changu cha kwanza. Nitafua pazia."

"Watasema alikuwa mtoro," alisema Perusi alipoambiwa.

"Watasema amekufa," alijibu kaka yake, na akaona haya kwamba jambo lile lilimtosha.

Ndugu walikuja kutoka kila upande wa milima. Walichimba kaburi ubavuni mwa Bibi Yunisi. Mgomba aliouchagua mama ukakatwa, mrefu, usiopinda, ukalazwa barazani na shati kuukuu la koplo. Zefania alinunua chupa mpya ya wino mweusi. Perusi, ambaye hakuwahi kumwona baba yake, alinyoa nywele zake zote, akasema atalia yeye, aanzie pale mama alipokatwa. Gerezani nako, tulivyosikia, kitanzi kilipakwa mafuta na kupimwa kwa kiroba cha mchanga.

Lakini siku ya kunyonga ilitanguliwa na Sikukuu ya Ushindi, ambayo ni siku ya huruma. Mkuu wa Wakuu, ambaye sasa alisaidiwa kusimama na watu wawili, alishika kipaza sauti katika uwanja uleule.

"Nimeletewa jina la afisa wa Vita vya Ziwa," alisema. "Amekosa, tena sana. Lakini mimi ni baba. Serikali yangu haijawahi kupoteza askari, na haitaanza leo kwa mkono wangu. Namwachia uhai wake. Atatumikia kifungo cha maisha."

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Nyumbani kwa akina Ntungwa watu waliokuwa wamezunguka redio waliizima. Kisha, mmoja mmoja, walichukua majembe yao wakaenda. Mgomba ulikaa barazani mpaka ukaoza ndani ya shati. Perusi alilifukia lile kaburi mwenyewe, likiwa tupu, kwa kuwa mtoto wa jirani angeweza kutumbukia.

Ilikuwapo kanuni moja iliyobaki. Mfungwa mwenye cheo cha uafisa hali chakula cha gereza. Hulishwa na familia yake kila Jumamosi, na familia inayomnyima chakula mfungwa wa serikali hushtakiwa kwa jaribio la kumuua. Karatasi ya wito iliandikwa jina la Perusi. Ili aipokee zamu hiyo badala ya dada yake, Zefania alitakiwa kuthibitisha udugu. Alikichukua kitambaa hadi Idara ya Nasaba, akapiga magoti sakafuni, akafuta penseli, akaandika jina la baba yake kwa wino wa kijani. Mhuri uligongwa papo hapo, na makarani wakampigia makofi.

Jumamosi ya kwanza alipeleka wali, maharage, na mchuzi wa kuku. Askari wa lango, mtu wa makamo mwenye adabu, alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akaingia nalo, akakawia, akarudi nalo likiwa tupu na limeoshwa.

"Mzee amekula vizuri," alisema. "Anashukuru. Ila anasema chumvi ilipungua kidogo."

Zefania alimtazama usoni. Alitafuta dhihaka, angalau hiyo, maana mtu mwenye kukudhihaki anajua ukweli ulipo. Hakuiona.

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema, akapika, akaonja mchuzi, akaongeza chumvi.